Viwanda Vilivyokufa Bila Matanga

Bendi iliyotikisa Iringa mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa mali ya kampuni ya kuchonga almasi. Ndiyo Tancut Almasi, na jina lake lilikuwa jina la mwajiri wake, kampuni ya umma. Dar es Salaam, wanamuziki wa Bima Lee walikuwa wa Shirika la Bima la Taifa. Urafiki Jazz walikuwa wa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968. UDA Jazz walitoka kwenye shirika la mabasi ya mjini. Mlimani Park walianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha wakachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na hapo ndipo herufi za DDC zilipotangulia jina lao. Msondo nao walibadili jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadili lake: NUTA, JUWATA, OTTU. Mpiga solo alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Gitaa, spika na tumba vilikuwa vya mwajiri, na akihama bendi aliviacha stoo.

Mpirani ilikuwa hivyohivyo. Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Sigara ya Dar es Salaam, RTC Kagera na RTC Kigoma, Ushirika ya Moshi, CDA ya Dodoma, Mecco ya Mbeya, Pamba ya Mwanza. Msimamo wa ligi ukisomwa redioni ulikuwa kama daftari la uchumi wa nchi: nani anasafirisha, nani anapakua meli, nani anasambaza sukari mikoani, nani ananunua zao la mkulima. Mshambuliaji aliyefunga Jumapili, Jumatatu alikuwa na meza yake ofisini, hata kama hakuikalia sana.

Kijana aliyezaliwa baada ya 1995 huona vichekesho. Serikali na gitaa wapi na wapi? Lakini waliokuwapo hawakushangaa. Serikali iliyokuwa na benki, viwanda, mashamba, maduka, mahoteli na mabasi ilikosaje kuwa na rumba?

Jambo hilo lilikuwa na mwanzo wake. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na kesho yake benki zikataifishwa, kisha kampuni kubwa za biashara, bima, vinu vya kusaga nafaka, na baadaye sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ilizaliwa mwezi uleule. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na mashirika ya umma karibu 400. Unga ulisagwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, bidhaa zikagawiwa mikoani na kampuni za biashara za mikoa, RTC. Mwananchi wa kawaida hakuijua serikali kwa hotuba peke yake. Aliijua kwa bei ya kilo ya unga na kwa kengele ya zamu.

Imekuwa desturi yetu kumsifu marehemu hadi asitambulike, na mashirika haya nayo yameanza kusifiwa hivyo. Wazee wanasimulia viwanda vya Morogoro na Mwanza kama pepo iliyoporwa. Waliopanga foleni wanajua vingine. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka, vipuri havikuingia, na viwanda vingi vikawa vinafanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Sabuni ilikuwa kwa kibali. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Duka la RTC lilikuwa na rafu ndefu na meneja mwenye marafiki wengi, kwa sababu aliyeshika kibali alishika mji. Mwaka 1983 ilipokuja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, wapo walioficha sukari shambani na waliotupa vitenge mitoni usiku ili wasikutwe navyo. Huo nao ni urithi wa kipindi kilekile.

Mfano unaouma zaidi uko Kihonda, Morogoro. Kiwanda cha viatu kilijengwa hapo mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilipangwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa iuzwe Ulaya. Ukipita leo unaweza kuuliza nani alikaa mezani akakubali kwamba nchi isiyo na ngozi ya kutosha iliyochunwa vizuri, wala fundi wa kutosha, itawavisha Wazungu. Kuta zilijengwa kwa bati la alumini na hapakuwa na hewa ya kutosha, kana kwamba jengo lilikuwa linajiandaa kwa baridi isiyokuja Morogoro. Kiwanda hicho hakikuwahi kukaribia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Mkopo ulibaki kulipwa.

Kwa hiyo nikisema tumepoteza kitu, sisemi tumepoteza faida, maana mashirika mengi yalikula ruzuku kuliko yalivyozalisha. Wala sisemi tumepoteza bidhaa. Bidhaa zilikuja na Mzee Rukhsa, Rais Mwinyi, alipolegeza masharti kuanzia katikati ya miaka ya 1980: mitumba, sabuni za Kenya, redio za Dubai. Aliyelala na njaa ya sabuni hamlilii muuza sabuni wa serikali. Kilichopotea kiko mahali pengine, na mimi nilikiona kwa mjomba.

Kwetu Uluguru, mjomba ni mzazi kuliko baba. Mjomba wangu alimaliza darasa la saba, akateremka mjini na kuajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo, idara ya ufumaji. Mashine za kufumia zilikuwa mamia katika ukumbi mmoja, na kelele zake ziliwafundisha wafumaji kuzungumza kwa midomo na vidole. Hadi leo mjomba akikaa na wenzake wa zamani wanaelewana kutoka upande wa pili wa barabara bila kutoa sauti, lakini ukimsemesha kwa upole karibu yake anauliza, "Ee?" Masikio yaliishia kule. Alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku nyusi na nywele zikiwa nyeupe kwa nyuzi za pamba, na bibi hakumruhusu kukaa mkekani mpaka ajipangusie nje.

Mambo mengine yalikuja na kazi hiyo bila yeye kuyaomba. Zahanati ya kiwanda ndipo binamu zangu walipopigwa sindano za surua. Kantini ilitoa ugali na maharage kwa kukatwa kidogo kwenye mshahara. Jioni kulikuwa na darasa, na mjomba alijifunza humo kusoma michoro ya mashine, akapanda kutoka mfumaji hadi fundi. Desemba alirudi na doti ya khanga kwa mama yake. Na Jumamosi alicheza beki wa kulia katika timu ya idara, nafasi aliyoipenda kuliko cheo.

Siku moja nilimuuliza, nikiwa nimetoka chuo na maneno mengi ya uchumi kichwani: "Mjomba, kwani kiwanda chenu kilikuwa kinapata faida?"

"Faida?" Akacheka. "Mwanangu, sisi tulikuwa tunapata mshahara. Faida waulize waliokuwa wanapanda Land Rover."

"Sasa kama hakuna faida, nani alikuwa anawalipa?"

"Si serikali!" Akasita kidogo. "Na serikali ilikuwa inanidai. Nikichelewa dakika kumi wanakata. Nikiharibu kitambaa wanakata. Lakini na mimi nilikuwa naidai. Nikiumia, naidai. Mtoto akiugua, naidai. Nikistaafu, naidai."

Kitabu cha uchumi kina maneno mengi juu ya umiliki, mtaji, ufanisi na bei. Hakina mengi juu ya kudaiana. Na kudaiana ndiko kulikomfanya mtoto wa mkulima wa Uluguru aone kwamba dola ni kitu kinachomhusu. Ilimwajiri vibaya, kwa mashine chakavu na mameneja waliobadilishwa kama mashati, lakini ilikuwa na jina lake kwenye daftari na yeye alikuwa na jina la mwajiri wake. Akikasirika alijua mlango wa kugonga. Mkutano wa wafanyakazi ungeweza kuwa wa porojo tupu, lakini ulikuwa mkutano, na meneja alilazimika kukaa mbele na kusikiliza.

Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilianza kazi 1993. Jina lake lilikuwa la upole: kurekebisha. Mwaka huohuo nusu ya kampuni ya bia ikaenda kwa wawekezaji wa Afrika Kusini. Mwaka 1995 kampuni ya sigara ikauzwa sehemu yake kubwa kwa Wamarekani. Mwaka 1997 NBC ikakatwa, ikazaliwa benki ya NMB, na mwaka 2000 sehemu kubwa ya NBC iliyobaki ikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Baadhi ya mauzo hayo yalifanikiwa kweli. Bia ilianza kupatikana bila kumjua meneja wa baa, na kodi ikaanza kuingia hazina badala ya ruzuku kutoka. Anayekataa hilo anabishana na chupa iliyo mezani kwake.

Lakini viwanda vingine viliuzwa vikawa maghala. Mashine zikang'olewa zikaenda kwa wauza chuma chakavu, kiwanja kikabaki, na ilionekana baadaye kwamba mnunuzi alikuwa anakitaka kiwanja tangu mwanzo. Mjomba alipokea barua ya kupunguzwa kazi yenye sentensi tatu, ya tatu ikisema mafao yake yatashughulikiwa. Barua hiyo anayo katika mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za mishahara, zimekunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu. Ofisi ya kwanza ilimpeleka ya pili, ya pili ikasema jalada liko ya tatu, ya tatu ikawa imehamishwa. Hakufukuzwa na mtu. Kila aliyemkuta alimwita mzee na kumpa kiti.

Na hakuwa peke yake. Wazee waliofanya kazi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977, kwenye reli, posta na bandari, walikuwa bado wanaandamana Dar es Salaam zaidi ya miaka 30 baadaye kudai haki zao. Wengine walikuja na fimbo, wengine waliletwa na wajukuu.

Kwetu, maiti haiondoki nyumbani kabla ya tangazo moja. Msemaji wa familia husimama na kusema kwamba yeyote anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, awaone fulani na fulani. Msiba una kilio na una sanda, lakini tangazo hilo ndilo linalowatuliza walio hai, kwa sababu linasema uhusiano haukukatwa na kifo: kuna mtu atakayejibu. Waislamu wanajua zaidi kwamba mirathi haigawanywi mpaka deni lilipwe. Hata nyumba yenye watoto wanaogombana hukubaliana juu ya hilo.

Mashirika yetu yalizikwa kinyume. Mirathi iligawanywa kwanza. Mnunuzi alipewa ardhi, jengo, jina la bidhaa na soko. Madeni ya aina ya mjomba, ya sindano za surua, ya darasa la jioni, ya kumpokea kijana wa darasa la saba na kumgeuza fundi, hayakuwa na mrithi. Hayakuandikwa popote, hivyo hayakuuzwa, na kwa kuwa hayakuuzwa hakuna aliyewajibika kuyanunua. Mkataba uliotaja mitambo mpaka nati haukuwa na kifungu cha beki wa kulia. Na kwa kuwa hapakuwa na tangazo wala matanga, watu hawakuwahi kukaa pamoja kusema marehemu alikuwa nani, aliugua nini, na nani alimpa sumu. Badala yake tumebaki na hadithi mbili zinazopigana kwenye vijiwe vya kahawa: moja inasema mabepari walitupora, nyingine inasema Ujamaa ulitufilisi. Wenye hadithi hizo mbili hawajawahi kusimama kwenye kaburi moja.

Serikali yenyewe haikufa. Ilibadilisha kazi. Kutoka mwajiri ikawa mtoa leseni, mkusanya kodi, msimamizi, mwamuzi. Desemba 2018 ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa Sh 20,000 kila kimoja, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka. Vilipokelewa kwa furaha, na si bila sababu: aliyekuwa akikimbizwa na mgambo alipata kitu cha kuonyesha. Mtoto wa mjomba anacho. Anauza mikanda na chaja za simu. Nilivitazama vitu viwili mezani kwao, kadi ya kazi ya baba na kitambulisho cha mwana, na tofauti ilikuwa wazi. Kadi ya baba ilisema dola itakufanyia nini ukija kwa wakati. Kitambulisho cha mwana alikilipia mwenyewe, na kilimruhusu ajitafutie. Hata ruhusa hiyo haikudumu kama alivyodhani, kwani Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam, wenye kitambulisho na wasio nacho.

Inasemwa sasa kwamba serikali imerudi kwenye uchumi. Kweli imerudi, kwa chuma na zege. Ndege za Air Tanzania zilianza kununuliwa upya 2016. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Wakati huohuo, Oktoba 2023, serikali ilitia saini mkataba wa kuikabidhi DP World ya Dubai sehemu ya bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30. Serikali inaingia mlango huu na kutoka mlango ule, na hilo peke yake si kosa, kwa sababu hakuna kanuni ya milele inayosema serikali ishike nini na iachie nini. Nimepanda treni hiyo na nimefurahi. Lakini nilipanda kama mteja. Nilinunua tiketi, nikakaa, nikashuka. Viwanda navyo viliahidiwa upya wakati wa kampeni ya kila mkoa kujenga viwanda 100, nchi nzima ikabishana kama vyerehani vinne ni kiwanda au si kiwanda. Mjomba alisikiliza ubishi huo redioni akiwa ameongeza sauti mpaka mwisho, akasema, "Waulize hivyo vyerehani vina zahanati?"

Msimamo wa ligi bado ni daftari zuri la kusoma nchi. Msimu wa 2024/25 timu za umma zilikuwa bado zimo: Tanzania Prisons, JKT Tanzania, Mashujaa, KMC, Dodoma Jiji, Pamba Jiji. Zilizobaki zilikuwa za majeshi, za magereza, za manispaa na majiji. Za reli, za sigara, za RTC zimekwenda. Hata Pamba aliyerudi Ligi Kuu 2024 amerudi akiwa mtoto wa Halmashauri ya Jiji la Mwanza, wakati jina lake bado ni la zao. Wapinzani wao ni Azam, timu ya mfanyabiashara, na ligi yenyewe inaitwa kwa jina la NBC, benki iliyozaliwa kwa kutaifishwa na ambayo sasa sehemu kubwa ni ya wenye mtaji wa nje. Serikali iliyowahi kuwa mfumaji, mchukuzi na muuza sukari, leo uwanjani inawakilishwa na anayelinda, anayefunga na anayetoza ushuru wa soko. Hakuna aliyeipanga picha hiyo, lakini ni ya kweli kuliko hotuba nyingi za bajeti.

Simtamanii mjomba arudi kwenye kelele zile, na sidhani serikali inapaswa kuuza sabuni tena. Aliyepanga foleni ya sabuni hawezi kuomba hilo. Ila nimechoka na namna mabadiliko haya yanavyohesabiwa. Tunaambiwa shirika limeuzwa shilingi ngapi, mwekezaji ataleta dola ngapi, pato la taifa litakua kwa asilimia ngapi. Hatuambiwi madeni yale mengine yamehamia kwa nani. Nani atamfundisha kijana wa darasa la saba kusoma mchoro wa mashine? Fundi akipoteza masikio kazini, mwenye jukumu ni mwenye hisa, msimamizi wa serikali, au mtoto wake anayeuza chaja? Maswali haya hayahitaji Ujamaa kujibiwa, wala soko huria. Nchi za kibepari kabisa huyajibu kwa sheria za kazi, mifuko ya hifadhi na vyuo vya ufundi. Kwetu yalijibiwa kwa shirika la umma, na shirika lilipoondoka jibu liliondoka nalo, tukadhani tumeondoa hasara tu.

Kwa hiyo mkataba ujao ukiletwa, wa bandari, wa reli au wa shamba, na serikali ikasema inaingia au inatoka, bei isiwe swali la kwanza. Kwanza isomwe orodha ya wanaodai, kwa majina ya kazi zao, na pembeni ya kila deni iandikwe ofisi itakayolilipa na mwaka wa kulilipa. Ofisi hiyo ikihamishwa, orodha ihame nayo. Mjomba amefuatilia lake kwa ofisi tatu na bado hajui mrithi ni nani, na hilo ndilo jambo dogo kabisa ambalo nchi iliyouza viwanda vyake ingeweza kumwambia.